Mgeni wa Kituo cha Chapwa

Pale Chapwa, mpakani na Zambia, serikali ilijenga kituo cha kuwaunganisha wahamiaji na wenyeji. Kodi zetu hizo. Bati la bluu, vitanda vipya, magodoro bado yana nailoni. Kilichokosekana ni wahamiaji wenyewe. Wao wanalala stendi na chini ya malori, maana wakisogea kituoni wanaulizwa vibali.

Wakubwa wa juu wakasema wanakuja kukagua. Bwana Mbonile, msimamizi wa mradi, akaanza kuhangaika kutafuta watu wa kujaza vitanda. Akaja kwangu.

"Mzee Raphaeli, mkeo si Mzambia?"

"Kazaliwa Nakonde, ng'ambo hapo tu. Kaolewa hapa, kazaa hapa, hata mama yangu, yeye ndiye aliyemzika. Mgeni wa nani huyo?"

Ferista, mke wangu, akacheka. "Niache, Baba Nesta. Nikalalie godoro la serikali, la kwako limenimaliza mgongo."

Akaenda. Mlangoni Mbonile akamwambia, "Karibu, mgeni wetu." Wakamkalisha kitandani tangu asubuhi, mlango wakaufunga kwa nje ili wageni wao wasitoroke. Wakubwa wakachelewa, walikuwa mahali wanakula kuku. Ferista presha ikampanda, dawa ziko nyumbani. Alitolewa amefunikwa.

Nikamzika. Nikadhani yamekwisha.

Baada ya matanga, Danford, mlinzi wa kituo, akanifuata shambani mchana. Hata salamu hakutoa.

"Mzee, kule ndani nailoni inalia, kama mtu anajigeuza. Na ukipiga hodi unajibiwa."

"Umekunywa nini wewe?"

"Ningekuwa nimekunywa, Mzee, ningebaki kulekule."

Tukaenda. Barabarani malori yalikuwa yananguruma, lakini tulipovuka geti la kituo hatukuyasikia tena. Nikapiga hodi.

"Karibu."

Sauti ya Ferista. Danford akarudi kinyumenyume mpaka getini.

Niliingia peke yangu. Kitandani hapakuwa na mtu, ila nailoni imebonyea, kama pale mtu anapokaa.

"Mama Nesta, twende nyumbani."

"Nitatokaje? Nilikaribishwa, sijaagwa. Mgeni hajiondokei tu kama mwizi."

Kweli, kwetu mwenyeji humsindikiza mgeni wake njiani. Nikamwendea Mbonile, nikamwomba aje amuage, neno moja tu. Akanicheka mbele ya makarani wake.

"Mzee, bajeti yetu haina kifungu cha mizimu."

Cha kuku kilikuwepo.

Nikarudi mwenyewe.

"Mama Nesta, mwenyeji wako hapa ni mimi. Inuka nikusindikize."

Nailoni ikalia. Pale palipobonyea pakainuka taratibu. Nikatoka bila kugeuka, na nyuma yangu nikasikia kandambili zake zikipiga vumbi. Moyo ulinijaa, nikajua leo analala kwake.

Tulipofika njia panda nikakata kuelekea nyumbani. Kandambili zikasimama.

"Baba Nesta, mgeni anasindikizwa kwao."

Mbonile alimwita mgeni, na mimi kwa mdomo wangu nimejiita mwenyeji.

Tukashika njia ya mpakani, katikati ya malori. Madereva wakanipigia honi, wanaona mzee mmoja anatembea anaongea. Tulipofika mwisho wa upande wetu akasema, "Inatosha. Rudi."

Msindikizaji ndiye anayerudi. Nikasimama nikizisikiliza kandambili zikiishia Nakonde, kisha nikageuka.