Zamu ya Evaline

Kila alfajiri wapangaji wa Mama Kurwa walipanga ndoo kwenye bomba la uani, na kila alfajiri ndoo ya Evaline ilisogezwa nyuma. Maji yalikatika kabla hajafikiwa. Kutoka pale uani ziwa lilionekana limejaa pomoni, lakini kulifuata na ndoo kichwani ni safari.

Evaline alitoka Mhezi, milimani Upare. Alipunguzwa kazi shamba la mkonge lilipofungwa, akaja Musoma kupika uji wa kuuza, na uji haupikwi kwa mate. Asipopata zamu ya maji, angerudi kwao mikono mitupu.

Kwao, anayetaka maji ya mfereji hujitokeza kwenye msaragambo. Huzibua mfereji pamoja na wenzake, ndipo anahesabiwa mwenyeji. Basi Evaline akaamka kabla ya wote, akafagia milango yao na kuzibua mtaro wao. Maskini! Afagiaye mlango wa jirani gizani haulizwi nia. Jua lilipochomoza, ua mzima ulishajua kuwa mgeni ni mchawi.

Jumatatu mfereji wa Mhezi ukafika. Ulikuwa umeshuka mlima, ukapita Same stesheni, ukakatiza Serengeti katikati ya nyumbu, ukaingia chini ya mlango wa Evaline ukiwa bado na majani yake ya mgomba. Kitandani pakawa ndiva, bwawa dogo kama la kwao, maji ya kuuma meno. Evaline akatoa godoro kulianika.

“Umechelewa,” aliuambia.

Mama Kurwa alichungulia, akauliza kama yanahitaji kuchemshwa, kisha akaleta ndoo. Wakaja wote bila hodi, wakikanyaga shuka na kulalamikia baridi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli wenyeji walipona.

Jioni walikaa kupanga zamu. Evaline naye akakaa kwa furaha: leo atahesabiwa. Wakataja mlango mmoja baada ya mwingine. Wa kwake wakauruka.

“Shikamoo, mama. Na mimi?”

Mama Kurwa hakuitikia. “Wewe mgeni. Utateka wenyeji wakimaliza.”

Kesho yake Evaline alichukua ndoo, akasimama mwisho wa foleni iliyoanzia kitandani kwake. Alipofika kizingitini, ndiva ilikuwa tupu. Akaweka ndoo chini, akashika ufagio, akaanza kuondoa matope waliyomwachia mlangoni.

Mama Kurwa akawaita watoto wasogee mbali. Mchawi alikuwa anafagia.