Yukhym wa Kisima cha Akina Nepyivoda

Asubuhi baada ya harusi, wageni wakiwa bado wanakoroma, Motria alitumwa kisimani kama bibi harusi yeyote wa kijiji kile. Alijifunga kichwani kitambaa chake kipya cha mke wa mtu, akateremsha ndoo. Ilipofika chini, mtu aliishika.

"Umeleta kamba, bibi harusi?"

"Nimeleta ndoo tu."

"Haya, teka. Na aliyekutangulia alileta ndoo."

Mtu yule wa kisimani alikuwa amefukiwa udongo hadi kiunoni, maji yamemfika kifuani, koleo lake begani. Motria aliteka, akarudi jikoni. Mama mkwe wake, Odarka, alikuwa akikata mkate.

"Mama, kuna mtu kisimani."

"Ni Yukhym, fundi wa visima. Umemsalimia?"

Odarka alieleza huku akikata. Yukhym aliajiriwa na babu wa babu yake Levko, mume wa Motria. Siku alipoyafikia maji, ukuta ulimporomokea. Kumtoa kungeziba chemchemi, na visima vingine vyote vya nyika ile vina chumvi. Mzee akavuta kamba yake juu, akaenda zake kula. Tangu siku hiyo hakuna wa nyumba ile aliyeyaonja maji yale. Wao hunywa maziwa na maji ya mvua. Majirani wakawapa jina Nepyivoda, asiyekunywa maji, na karani wa kanisa akaliandika.

"Wanasema sisi walevi," alisema Odarka. "Waache wacheke."

"Na wao wanayanywa?"

"Kijiji kizima, na vijiji vya jirani. Ulitaka wafe kiu?"

Motria aliona kinyaa, akaona na aibu. Aliitungua kamba ya kufungia nyasi iliyoning'inia ukutani. Odarka hakumzuia.

"Kwenu mnateka wapi, mwanangu?" aliuliza tu.

Mlangoni akaingia mama yake Motria na kapu la chakula cha asubuhi, kama ilivyo desturi. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, na vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi.

"Nipe maji, mwanangu. Koo limenikauka."

Kisimani Yukhym alikohoa, kama mtu anayengoja zamu yake.

Motria aliirudisha kamba ukutani, akachota kikombe kutoka kwenye ndoo. Mama yake alikinywa chote, akajifuta midomo.

"Matamu hasa. Kunywa na wewe."

"Sina kiu, mama," alisema Motria Nepyivoda, akamwongezea.