Keria Yenye Ngazi

Keria ya zamani, fremu ya mizigo juu ya paa la gari, ilikatika karibu na Buhongwa, magunia ya dagaa yakamwagika barabarani na mbuzi wa watu wakafanya sherehe. Ndiyo maana Jumamosi ile Kokulinda aliipeleka Landrova ya marehemu mumewe, Venant, kwenye gereji ya Luhaga pale Buzuruga, rozari shingoni na gauni jeusi la ujane mwilini. Shemeji yake Muganyizi, mdogo wa marehemu, alimfuata nyuma. Alikuwa amevuka ziwa kwa meli kutoka Bukoba bila kualikwa.

"Shikamoo mama," alisema Luhaga akijifuta mikono.

"Marahaba, baba. Nimekuja kuchagua keria."

Zilikuwa mbili, zimeegemezwa ukutani. Moja ilitoka Dubai, nyepesi, ya kung'aa, fupi kama kitanda cha mtoto; tangu biashara ya nje iruhusiwe, vitu vya namna hiyo vilijaa mjini. Ya pili Luhaga aliichomelea mwenyewe kwa mabomba ya chuma, ndefu toka kioo cha mbele hadi mlango wa nyuma, na ngazi yake.

Muganyizi aliipapasa ya Dubai. "Hii ndiyo keria. Gari litapendeza kama la watalii."

"Watalii hawabebi dagaa, shemeji. Gunia la dagaa halina uzito, lina tumbo. Yatakayobaki niyabebe kichwani hadi Misungwi?"

Luhaga alicheka, akakigeuza kicheko kikohozi.

"Haya, chukua ndefu," alisema Muganyizi. "Ila fundi, ngazi ikate."

"Niikate?"

"Kwetu mwanamke hapandi paa la mumewe, hata mume akiwa kaburini. Mzigo ataupanga mwanangu Elias. Anakuja na meli ijayo."

Hapo Kokulinda akaelewa kilichomvusha ziwa. Kule mwaloni, ufukweni dagaa wanakouzwa, anayesimama juu ya keria ndiye mwenye gari machoni pa watu. Wenye mizigo humwita yeye na hupatana naye; anayekataliwa naye hubaki mchangani na magunia yake. Miaka yote Venant alisimama huko juu, Kokulinda akiwa chini anashona midomo ya magunia. Elias akipanda, hautapita msimu mmoja wa mvua kabla watu hawajaanza kusema gari la Elias. Na likishakuwa la Elias, litapanda meli kwenda Bukoba.

"Mwiko ni wa paa la nyumba," alisema polepole. "Landrova imekuwa nyumba lini?"

"Kaka alilala humo safari ngapi? Ni nyumba yake!"

"Kama ni nyumba yake, ni yangu pia. Nilifunga naye ndoa mbele ya padri, nawe ulikuwepo, ukala mpaka ukalegeza mkanda. Sasa mbona unataka kuihamishia Bukoba?"

"Usinivunjie heshima mbele ya fundi!"

"Heshima yako umeipata asubuhi pamoja na chai. Luhaga, ifunge. Na ngazi yake."

Luhaga na dereva wa Landrova waliinyanyua keria, wakaipandisha, wakabana miguu yake kwenye mfereji wa paa na kukaza nati. Kisha Luhaga akaitikisa.

"Kawaida mwenye gari hupanda kuijaribu," alisema, macho chini.

Muganyizi aliwahi kuikamata ngazi. "Nitapanda mimi."

"Ondoa mkono, shemeji."

"Siondoi."

Kokulinda alikaza khanga kiunoni, akafanya ishara ya msalaba, akainua mguu. "Kiatu changu ni cha soli ngumu, na vidole vyako viko kwenye kipandio cha kwanza. Chagua."

Mkono ukaondoka.

Alipanda. Huko juu alikanyaga kwa nguvu, mara moja, mara ya pili, chuma hakikulia. Mafundi wa jirani waliacha nyundo wakamtazama. Alingoja sauti ya Venant imkemee. Ulikuja upepo wa ziwa tu. Yesu na Maria, alinong'ona, nishikeni.

"Umemkanyaga ndugu yangu kichwani!" alifoka Muganyizi.

"Luhaga, nirushie kamba."

Aliidaka, akaifunga kwenye bomba la mbele kwa fundo lile lile alilozoea kulitazama kutoka chini.

"Dereva, tunakwenda mwaloni. Shemeji, kiti cha mbele kipo. Na Elias akija mwambie kazi ipo. Ya chini, kushona magunia."