Abiria Katika Bustani ya Ormerod

Jumamosi asubuhi Clifford Ormerod alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi mbichi, anakwangua konokono aliyepondeka juu ya reli yake ya bustanini. Kichwa cha treni cha kijani kilikuwa kimekwama tena kwenye kona ya waridi. Alikuwa amekiunda mwenyewe kwa kipande cha bomba la maji, kopo la biskuti na mota ya drili mbovu, maana vya dukani bei zake zilimfanya akohoe. Yeye na mkewe Glenys walikuwa wamekubaliana kwamba hakuna kichwa kitakachoingia nyumbani kwa bei inayozidi kapu la vyakula la wiki. Kwa hiyo alizunguka masoko ya mitumba miaka nenda miaka rudi, akinunua vibovu na kuvifufua. Sasa alikuwa navyo sita. Hakutaka makubwa: akae na chai yake, avione vikizunguka.

Lango la pembeni likafunguliwa. Jirani yao, Bi Edna Holroyd, akaingia na koti lake la mvua na mkoba.

"Treni ya Skelby inaondoka saa ngapi?"

"Hii haiendi Skelby, Edna. Inazunguka kibanda tu."

"Basi la kwenda mjini huko wamelifuta tangu Jumatatu, na mimi macho yangu yanangojwa hospitali. Usinicheleweshe, Clifford."

Akapanda juu ya tofali lililokuwa stesheni. Akapungua, akapungua, mpaka akalingana na kichupa cha chumvi. Aliingia behewani, akaikusanya sketi yake isibanwe na mlango. Clifford akaguna, akakisukuma kichwa cha kijani kwa kidole, akawasha. Treni ikapita nyuma ya kibanda na haikutokea upande wa pili. Alikwenda kuchungulia. Palikuwa na reli na upupu, basi. Akaingia ndani kuchemsha maji.

Treni ilirudi mchana, tupu, mabehewa yameloa mvua iliyokuwa ikinyesha Skelby. Aliituma tena jioni ikamrudisha Edna, kope zimevimba kwa dawa, na mfuko wa nyanya za sokoni.

"Umechelewa," Edna alimwambia. "Na viti vyako vigumu kama nini."

Mwezi haukuisha kabla foleni haijafika barabarani. Waliyakanyaga maua. Waliuliza kwa nini hakuna choo. Nauli hakuchukua, kwa sababu Glenys alimwambia akipokea hata senti moja atadaiwa leseni. Wao walimletea jemu, iliyopikwa kwa matunda waliyochuma kwenye ua wake mwenyewe wakati wakingoja.

Vichwa vile havikuwa vya kazi hiyo. Gia za plastiki zililika, mota zikanuka kuungua, na ili kimoja kitembee alilazimika kukitoa kingine matumbo. Kile cheusi kidogo, alichokihangaikia miaka mitatu, kilibaki ganda tupu kwenye rafu. Kikafuata cha bluu. Kikafuata kile cha mvuke alichokiokota kwenye mnada wa kanisa.

"Mimi nilikuwa nakusanya vichwa," alimwambia Glenys mezani. "Sasa nakusanya mafuvu."

"Wafungie lango."

"Halafu Wilf aende hospitali na nini?"

Wilf Tattersall alikuwa amevunja mawe machimboni tangu ujanani, na vumbi la huko lilikuwa bado limekaa kifuani mwake.

Mwezi wa Novemba, siku ya miadi ya Wilf, treni ilikwama chini ya mabua ya waridi, hatua chache tu kabla ya kibanda. Mvua ilikuwa inanyesha. Clifford akalala kifudifudi kwenye tope, akasikia kikohozi chembamba ndani ya behewa.

"Kuna nini, Cliff?"

"Gia."

"Daktari ananingoja saa nne."

"Najua, bwana. Najua!"

Hakikubaki kichwa chochote cha kukitoa gia. Akamnyanyua Wilf kwa vidole viwili, lakini mzee alipoachana na reli tu akarudia kimo chake, wakaanguka wote kwenye miiba. Hospitali ilimpa Wilf tarehe nyingine, baada ya Pasaka. Wilf hakulalamika. Alikaa juu ya ndoo, akiitafuta pumzi yake, akasema waridi zimepogolewa vizuri mwaka huu. Clifford angependa zaidi atukanwe.

Usiku ule alichonga gia kwa kifuniko cha chupa. Asubuhi akavaa suti, akampa Glenys rimoti, akapanda tofali.

"Shikilia vizuri pale kwenye kona," Glenys alimwambia kutoka juu.

"Kona nimeijenga mimi, mama."

Huko Skelby Clifford alishuka akiwa na kimo chake, akaenda moja kwa moja kwenye ofisi za halmashauri. Mhusika wa usafiri alikuwa Bi Prewett, mama mpole mwenye mafua. Clifford alimweleza yote: kifua cha Wilf, gia, maua, jemu. Sauti ilimpanda, akaomba radhi, ikampanda tena. Bi Prewett alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mnataka basi."

"Ndiyo."

"Na leo umefikaje hapa, Bwana Ormerod?"

Clifford alitazama viatu vyake. Vilikuwa vikavu.

"Kwa treni."

"Basi," akasema Bi Prewett, akapenga kamasi.

Alimfafanulia taratibu kwamba kijiji chenye treni hakiwezi kuhesabiwa kuwa hakina usafiri. Halmashauri inamshukuru sana. Kama hatajali, aongeze safari ya Jumapili, kwani basi la kijiji cha pili nalo linaondolewa.

Clifford akatoka, akapita sokoni. Kwenye meza ya mitumba palikuwa na kichwa chekundu, kizima, rangi haina hata mkwaruzo, na bei yake ilikuwa ndani ya kapu la wiki. Hakuwahi kukiona cha namna ile ila katika picha.

"Hicho ukikitunza, mzee wangu, wajukuu watakirithi," muuzaji alimwambia.

Clifford akalipa. Akakigeuza tumbo juu, akazitazama gia zake, akamwomba bisibisi.