Pole Haina Kiingereza

Siku goti la Lee Mottram lilipokatika, Placida, tabibu wa viungo wa timu, ndiye aliyefika wa kwanza pale alipoanguka, na hapo ndipo alipojiponza. Alipiga magoti kwenye matope, akamshika kichwa nahodha yule mtu mzima aliyekuwa akilia kwa sauti, na mdomo wake ukasema kile ambacho mdomo wowote uliokulia Kibosho ungesema. Balaa ni kwamba ulikisema kwa Kiingereza. "Sorry, Lee. Sorry, sorry. Oh my God, sorry sana." Kamera ya televisheni ilikuwa imesimama karibu na kibendera cha kona, na kipaza sauti chake hakikukosa hata herufi moja.

Mtu wa kwao angeelewa. Ukijikwaa Moshi mjini, mpita njia usiyemjua atakwambia pole, na hakuna mwenye akili atakayemgeukia kumwuliza kama ndiye aliyeliweka jiwe. London ni habari nyingine. London ukisema sorry umekiri. Kufikia jioni kipande kile kilikuwa kimeshasambaa kwenye simu za mashabiki wote wa Gallions Town, na chini yake wameandika matusi ambayo huwezi kuyarudia mbele ya mama mkwe. Tabibu wa viungo amekiri mwenyewe, walisema. Tabibu ndiye aliyemruhusu nahodha acheze na goti bovu. Tabibu ndiye anayetushusha daraja.

Uongo mtupu! Timu ile ilikuwa inashuka daraja tangu Oktoba, na kila mwenye macho aliiona ikishuka. Ilikuwa timu ndogo ya kando ya mto Thames, upande wa Woolwich, isiyo na kombe la maana kabatini, ila watu wa mtaa waliipenda kufa. Mwenyekiti wake alikuwa Mansukh, mzee wa Harrow mwenye maduka ya dawa, Mhindi mzaliwa wa Moshi aliyeondoka na wazazi wake baada ya nyumba zao kutaifishwa. Siku alipoinunua timu, alipita kila chumba akisalimia wafanyakazi, na alipofika chumba cha matibabu akalisoma jina la Placida kwenye sare yake, akamtazama vizuri, akasema kwa Kiswahili kisicho na doa, "Wewe mama ni wa kwetu. Wa wapi?"

"Kibosho, mzee. Shikamoo."

"Marahaba! Kibosho! Sasa nani ananipikia mtori?"

Toka siku hiyo ikawa hivyo. Mzee akija uwanjani lazima apite kwa Placida, wapige soga kwa Kiswahili, wasengenye baridi ya Waingereza, na wachezaji waliolala vitandani wakisubiri kukandwa wanacheka bila kuelewa neno. Placida alimpenda mzee yule. Lazima lisemwe hilo, maana ndilo lililokuja kumchoma.

Kisha msimu ukaharibika, na Mansukh akaanza kubana matumizi. Alianza na daktari. Wakafuata matabibu wawili wa viungo waliokuwa wakimsaidia Placida. Yakafuata maji ya moto kwenye uwanja wa mazoezi, ikafuata supu ya wachezaji, hata programu ya kompyuta iliyotunza habari za majeraha ikakatwa, eti Placida ana kichwa kizuri, atakumbuka. Magoti, nyonga na vifundo vya miguu vya kikosi kizima vikabaki mikononi mwa mwanamke mmoja. Na je, gari la mwenyekiti lilibanwa? Mvinyo wa jukwaa la wakubwa ulibanwa? Thubutu! Kubana matumizi siku zote huanzia chini, kwa yule asiye na pa kusemea.

Asubuhi ya mechi ile Placida alimvizia mzee kwenye korido, nje ya vyumba vya kubadilishia nguo.

"Mzee, goti la Lee halichezi leo. Kano imechakaa. Akigeuka vibaya mara moja tu, imekatika."

"Mama, tukifungwa leo tumekwisha."

"Basi tushuke. Timu ikishuka inaweza kupanda tena. Goti lile likishuka halipandi."

Mansukh alikuna kidevu. "Nimekusikia, mama. Nitaongea na kocha."

Akaenda kuongea na kocha kweli. Alimwambia tabibu ameridhika. Placida alikuja kumwona Lee akiingia uwanjani na kitambaa cha unahodha mkononi, akamkimbilia kocha pale benchi, na kocha akamwambia mwenyekiti amesema kila kitu sawa, mama, kaa chini. Nahodha akageuka vibaya kabla ya mapumziko. Kocha naye akafukuzwa wiki ile ile, akalipwa chake kwa sharti la kufunga mdomo, akaufunga.

Kosa la Placida lilikuwa hilo, na alilijutia mpaka usingizi ukamkimbia: neno zito namna ile alilisema kwa lugha ya nyumbani, kwa mtu aliyemhesabu wa nyumbani, kwenye korido ambayo haikuwa na sikio jingine la kulielewa. Mansukh alipoulizwa na waandishi wa habari, alisema yeye hakuonywa na mtu yeyote. Alisema klabu inasikitika. Alisema wote tumesikia tabibu alichosema pale uwanjani. Aliyasema hayo kwa upole, mikono ameifumbata, na Placida alipomwona kwenye televisheni alirusha kiatu.

Aprili haikuisha, timu ikashuka. Placida alikuwa sokoni Woolwich akichagua ndizi za kupika pale mwanamume mmoja mwenye skafu ya klabu alipomzibia njia, akamwambia mbele ya watu kwamba amemuua baba yake, kwa kuwa mzee wa watu alizimia uwanjani siku ya mwisho na bado kalazwa. Placida akafungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, lile lile. Akalimeza, akaziacha ndizi, akaondoka. Sasa hata mtu aliyeuguliwa na baba asimpe pole?

Ndipo klabu ilipomwita kwenye kikao cha nidhamu. Akikutwa na hatia, jina lake lingepelekwa kwa wanaotoa leseni za matabibu wa viungo, na leseni ingeondoka. Leseni ile aliisomea huku anafagia maofisi ya watu alfajiri na kuzaa katikati. Bila leseni angerudi kwenye fagio, kwa jina la mwanamke aliyemlemaza Lee Mottram.

"Sikusema nimekosa," alimwambia binti yake Generosa, aliyezaliwa hapa hapa na kukulia hapa. "Nilimpa pole."

"But Mum, you said sorry. On telly. Over and over."

"Hiyo sorry ndiyo pole!"

"It's not, though," alisema Generosa, naye macho yalikuwa yamemjaa machozi. "In English it just means you did it."

Placida aligonga meza. Alitaka kumkaripia, lakini amkaripie kwa lipi? Mtoto alikuwa amesema kweli ya mahali walipo. Pole haina Kiingereza. Mtu mmoja tu kwenye klabu ile alijua hivyo, angeweza kusimama akalimaliza jambo kwa sentensi moja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa akimtoa kafara.

Kikao kilifanyika Mei, kwenye chumba cha mikutano kilichotazama uwanja mtupu. Aliyekiongoza alikuwa mama wa Kiingereza mwenye mvi, mwanasheria wa kutoka nje ya klabu, mtu wa maneno machache. Upande mmoja alikaa Mansukh na wakili wake. Upande wa pili alikaa Placida na Solomon, Mghana wa chama cha wafanyakazi, ambaye asubuhi nzima alikuwa akimnong'oneza, "Tulia, dada, usipandishe sauti, watasema una fujo."

Wakachezesha kile kipande. Sorry, Lee. Sorry, sorry. Wakili akakirudisha, akakichezesha tena, kana kwamba wamo viziwi.

Placida alieleza, kwa Kiingereza. Alieleza kwamba kwao neno hilo humwendea mwenye maumivu, awe ameumizwa na nani, hata na Mungu. Alieleza maneno ya koridoni, na kwamba yalisemwa kwa Kiswahili. Yule mama mwenye mvi aliandika, halafu akamgeukia mwenyekiti.

"Bwana Mansukh, unazungumza Kiswahili?"

"Nilikizungumza nikiwa mtoto, mheshimiwa. Miaka mingi imepita. Nimebaki na jambo na asante."

"Kwa hiyo mazungumzo hayo ya koridoni?"

"Hayakuwapo. Nisingeweza hata kuyaelewa."

"Na maana hii ya sorry anayoieleza tabibu, unaijua?"

Mansukh aliutazama mtungi wa maji uliokuwa katikati ya meza. "Hapana," alisema. "Kwangu mimi sorry ni sorry."

Kikulacho ki nguoni mwako! Placida alihisi damu inapanda mpaka masikioni. Jambo na asante! Mtu aliyekaa kwenye kiti chake cha matibabu akimsimulia jinsi mama yake alivyokuwa akigombana na muuza maziwa, kwa Kiswahili chenye methali na matusi yake yote! Solomon alimgusa kiwiko: tulia, dada. Basi ili asiseme, akachukua glasi ya maji akanywa. Akanywa yote. Kisha akaitua mezani kwa nguvu ya yote aliyokuwa ameyanyamazia tangu siku ile ya matope, na glasi ikapasukia mkononi mwake.

Damu ilitoka nyingi. Wakili alisogeza makaratasi yake yasichafuke. Mama mwenye mvi alisema, "Oh, dear." Solomon aliganda. Na ng'ambo ya meza, kiti kilianguka kwa kishindo, kwa sababu Mansukh alikuwa ameshainuka.

"Pole! Pole mama, pole sana! Sorry, sorry! Usikunje ngumi, vipande vimo ndani! Inua mkono juu, juu zaidi, hivyo hivyo. Jamani leteni kitambaa, mtu anavuja damu mmekaa tu!"

Alikuwa ameshatoa leso yake na kuinama juu ya meza kumpa, na uso wake ulikuwa umejaa huruma ya kweli kabisa. Hilo ndilo lililomtia Placida kichaa. Huruma ilikuwapo! Siku zote ilikuwamo mle ndani, nzima, na mwenye nayo alikuwa ameikalia.

Hakuipokea leso. Aliinua mkono kama alivyoambiwa, damu ikamtiririkia mpaka kwenye kiwiko, akauliza kwa Kiingereza, polepole, ili kila mtu amsikie:

"Mwenyekiti, wewe ndiye uliyeivunja glasi hii?"

"Hapana, mimi... hapana."

"Ni wewe uliyenikata?"

"Nimekukataje? Mimi nimekaa huku."

"Sasa mbona umesema sorry?"

Leso ilibaki inaning'inia. Wakili alimvuta mzee koti ili akae, lakini kiti kilikuwa chini, na Mansukh akabaki amesimama. Mama mwenye mvi alivua miwani yake.

"Bwana Mansukh," alisema, "na lugha hiyo uliyokuwa ukiizungumza sasa hivi, ni ipi?"

Mansukh aliinama kukiinua kiti. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, na kwa mara nyingine mdomo uliokulia Moshi ulikuwa umefanya kazi yake bila kumwuliza mwenyewe.

Kikao kilivunjwa hapo hapo. Yule mama alisema hatasaini tuhuma yoyote dhidi ya tabibu, na kwamba ripoti yake itataka kujua nani alimwambia nini kocha, na kwa nini mwenyekiti alisema alichokisema mbele yake leo. Solomon alicheka kwa sauti. Alimfunga Placida mkono kwa taulo, akamsindikiza koridoni akiongea bila kituo, mara leseni, mara fidia, mara magazeti. Placida hakumsikia. Alikuwa ameshinda, na kifua chake kilikuwa bado kinawaka. Lee Mottram alikuwa akitembelea magongo. Mashabiki wale wasingefuta matusi yao.

Mansukh aliwafuata huko nje, peke yake, wakili kamwacha ndani. Alionekana mdogo ndani ya suti yake. Solomon alitaka kumzuia, Placida akamwambia amwache aje.

"Mama," Mansukh alisema kwa Kiswahili, maana sasa hakukuwa na cha kuficha. "Nilikuwa nazama. Nyumba yangu ya Harrow nimeiweka rehani kwa ajili ya timu hii. Mfa maji haishi kutapatapa, unajua mwenyewe."

Placida alimtazama. Mfa maji hutapatapa kweli, lakini huyu hakutapatapa. Huyu alitafuta kichwa cha mtu akakikanyaga ili pua yake ibaki juu.

"Niliogopa," mzee alisema. Kisha akautazama ule mkono uliofungwa taulo, akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu ile ya kwao wote wawili. "Pole na mkono, mama."

Neno hilo lina jibu lake: nimeshapoa. Kila mtoto wa Moshi analijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, na mdogo hamnyimi mkubwa. Mzee alisimama akilisubiri. Lilimjia Placida lenyewe mpaka kwenye meno, na meno akayauma.

"Sijapoa," alisema.