Mwanasesere Aliyetia Mkono Mfukoni

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto anayetengeneza vitu kwa rezini nyumbani, soma haya kabla hujagusa dirisha lake.

Palikuwa na mama mmoja, roho juu juu kila siku, na binti yake waliyemwita Sindano kwa wembamba wake. Sindano alikuwa na printa chumbani. Si ya karatasi, hapana. Hii ina trei ya rezini, majimaji mazito kama asali, na taa chini yake inayoyagandisha kidogo kidogo mpaka kinatokea kiganja, paja, au kichwa chenye upara. Sindano huviosha vipande hivyo kwa spiriti, akaviweka chini ya taa ya zambarau vikakauka kabisa, kisha akavipitishia lastiki ndani kwa ndani. Kila kiungo ni gololi ndani ya kikombe chake, kwa hiyo mwanasesere anakunja goti, anageuza shingo, anakaa kitako.

Wa kwanza lastiki ilimlegea, akakaa kama mlevi aliyeegemezwa ukutani. Wa pili ilimkaza mno, akamrushia mama teke la pua. Wa tatu ndiye huyu. Alisimama mwenyewe, bila kushikwa!

Mwenye duka la vitu vya watoto pale mtaani alikuwa amesema, "Mlete leo alasiri. Nikiridhika, wanasesere wako watakaa dirishani kwangu. Nisiporidhika, binti, tusisumbuane tena."

Kilichobaki ni kiganja cha kushoto tu. Sindano akatoka mbio kununua glavu, maana za mwisho zilichanika.

"Mama, rezini usiiguse kwa mkono mtupu. Inadhuru ngozi."

"Nani aiguse? Mimi na sumu yako hiyo, kila mtu na kwake."

Na kweli hakuigusa. Lakini chumba kilinuka. Feni ya kutolea hewa ilizunguka, mama akaona inajichosha bure. Akawaza mapafu ya mwanawe, akawaza hospitali, akawaza na makubwa zaidi ya hayo. Akavuta pazia zito lililoziba dirisha, akalifungua lote. Kifuniko cha printa kilikuwa kimewekwa pembeni. Jua likaingia bila hodi, likajaa ndani ya trei.

Sindano alirudi, akaganda mlangoni.

"Mama! Nani kafungua pazia?"

"Hewa, mwanangu. Unataka kufa na harufu?"

"Si ungefungua mlango tu! Jua linagandisha rezini, sawasawa na ile taa."

"Jua? Hili hili la kuanikia nguo?"

"Hili hili."

Trei ilikuwa imeshika gamba. Mama akanyoosha kidole abonyeze.

"Usiguse! Juu ngumu, chini mbichi!"

Kidole kikarudi kama kimeng'atwa. "Basi nikaimwage kwenye sinki?"

"Sinki ndiyo kabisa hapana! Sasa tunaipeleka juani igande yote, ndipo tuitupe."

"Ala! Kumbe jua lina kazi yake," mama akasema, Sindano akamtupia jicho.

Mzazi, shika hilo: hewa ipite, jua lisipite. Mama yule hakuambiwa, na yeye hakuuliza.

Rezini ya rangi ile ilikuwa imekwisha chupani. Sindano akakaa sakafuni. "Basi. Siendi."

"Utakwenda. Suruali ya mwanasesere wako ina mfuko?"

"Haina."

"Itakuwa nao."

Mama akachukua uzi na kipande cha kitambaa, akashona mfuko, akauchomeka mle ule mkono usio na kiganja. Mwanasesere akasimama kama mtu aliyeitwa na hana haraka ya kwenda. Sindano akacheka asipende. "Anaringa huyu!"

"Ukiulizwa, sema anasikia baridi."

Dukani, mwenye duka alivaa miwani, akamkunja mwanasesere magoti, akamgeuza shingo, akamwachia. Akasimama imara.

"Ana maringo! Na huu mkono mwingine?"

Sindano akafungua kinywa aseme baridi. Mama akamwahi.

"Kiganja hamna, ndugu yangu. Nimekiharibu mimi kwa kufungua dirisha. Mtoto hana kosa, usimnyime kwa ajili yangu."

Mwenye duka akauchomoa mkono, akaona kifundo kitupu na ndoano ya lastiki. Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Bi mkubwa, anakaa dirishani leo hii. Kiganja kitamfuata. Ila mfuko usitolewe. Na wote watakaokuja wawe na mifuko."

"Wote?"

"Wote. Kashona nani?"

"Mama," alisema Sindano, akamkumbatia palepale mbele ya wateja.

"Niache, unanivua kitambaa," mama akanong'ona, wala hakujisogeza hata kidogo.