Saa ya Dirisha la Tatu

Waliotega bomu stesheni ni mafidhuli wasiostahili zaidi ya sentensi hii moja. Habari yangu inamhusu meneja wa stesheni.

Alikuja kibandani kwangu siku ya tisa baada ya mlipuko, suti nyeusi imembana tumbo, akaketi bila kukaribishwa.

"Mzee wangu, pole na msiba."

Dada yangu mkubwa alikuwa mkata tiketi wa dirisha la tatu. Tulimzika na kiatu kimoja.

"Nimeshapoa. Sema shida yako."

"Ile saa kubwa ya ukumbini. Kamati inataka ibaki imesimama dakika ileile ya mlipuko, iwe kumbukumbu ya marehemu. Ila mishale imekaa vibaya kidogo."

Kidogo! Bomu lililipuka saa mbili na dakika kumi na moja asubuhi. Saa ile ilikufa saa tisa kasorobo, miaka minne iliyopita. Nilimwandikia bwana huyu barua tatu, kwa mwandiko safi, nikijitolea kuitengeneza bure. Hakujibu hata moja. Abiria wakawa wanamuuliza dada saa kutwa nzima, na jioni ananitania: "Mdogo wangu fundi saa mzima, na mimi ndiye nimegeuka saa ya ukuta! Nitundike basi."

"Sogeza mishale tu," alisema meneja. "Nani atajua?"

"Kila aliyewahi kuinua shingo."

"Watu husahau, mzee."

Mtu aliyeshindwa kununua springi moja sasa alitaka kulisingizia bomu uzembe wake, na jina la dada yangu liandikwe chini ya uongo huo.

"Niwekee ngazi," nilisema.

Asubuhi ya hafla ya kumbukumbu nilipanda. Saa ilikwishafunikwa kitambaa cheupe, nikafanya kazi ndani yake kama mtu aliye chandaruani. Nilitoa utando wa buibui, nikatia mafuta, nikafunga springi mpya.

"Tayari?" aliuliza meneja kutoka chini.

"Iko sawa kabisa."

Akapanda jukwaani, akatoa leso kabla ya chozi. "Ndugu zangu, saa hii ilinyamaza pamoja na wapendwa wetu, dakika ileile..."

Chini ya kitambaa, saa ikagonga saa nne. Ngo! Ngo! Haikubakiza hata pigo moja.

"He! Imefufuka!" mpagazi mmoja alipaza sauti.

"Ilikufa lini wewe?" akadakia mwenzake. "Mimi nimeanza kazi hapa nimeikuta maiti!"

Meneja alibaki na leso mkononi, chozi halijaja. Abiria mmoja akatazama mkono wake, akarekebisha saa yake.

Nikakunja ngazi.